Klasta yote kijani lakini makeshia hawaingii: LEJA\KUU inagoma, RIPOTI iko sawa

fundi_wa_zamu · Jumatatu, saa 2:41 asubuhi

Wadau hamjambo. Naandika mbio mbio, wanachama wamejaa benchi za chini na meneja amepita mlangoni kwangu mara tatu bila kusema neno. Afadhali angefoka.

Niko kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Upper Hill, jina niachieni. Tuna klasta ya nodi mbili, yaani seva mbili zinazopokezana kazi, Windows, SQL Server 2017 (mfumo wa hifadhidata). Juu yake kuna instansi mbili, yaani SQL mbili zinazojiendesha kila moja kivyake: LEJA\KUU, hiyo ndiyo ya makeshia, na RIPOTI\SOMA. Kila moja ina jina pepe lake (linahama nayo, si la mashine yoyote) na anwani yake ya mtandao (IP). Jumamosi usiku niliweka masasisho ya Windows: nikahamisha mizigo yote kwenda nodi B, nikasasisha A, nikalala. Jumapili hatufungui.

Leo makeshia wakifungua programu inazunguka kama sekunde 15 halafu inatapika kosa. Ping kwa LEJA inajibu. Failover Cluster Manager (dirisha la kusimamia klasta) kijani tupu. Huduma ya SQL inakimbia nodi B. Saa 2:05 nimezima na kuwasha LEJA kwenye klasta, msinipige mawe, haikusaidia. RIPOTI haijakohoa hata kidogo na iko nodi B hiyo hiyo.

Nianzie wapi?

NusuBaiti · saa 2:44

Zima fayawoli yote (kichujio cha mtandao) ujaribu. Ikifunguka ujue ni hiyo.

njiwa_mweusi · saa 2:47

Kwani usiwape makeshia IP ya nodi B moja kwa moja? Waingie kwanza, mengine baadaye.

Mama_Pakiti · saa 2:52

Hapana kwa wote wawili. Fayawoli ya chama cha akiba haizimwi saa tatu kasorobo Jumatatu kwa sababu ya kubahatisha. Na IP ya nodi haitasaidia: instansi iliyosakinishwa kwenye klasta inasikiliza kwenye IP ya jina lake pepe peke yake. Ukibisha kwa IP ya nodi hupati mtu.

@fundi_wa_zamu pole sana. Ping sahau. Ping inakuambia mashine ina pumzi, haikuambii kama kuna anayekusikiliza. Lete vitu viwili:

Kosa lenyewe lilivyoandikwa, hasa ile namba ya mwisho. Ni error: 26 au error: 40?

Mstari wa muunganisho wa programu ya makeshia na wa programu ya ripoti, kama ulivyo, nywila ukiifuta.

fundi_wa_zamu · saa 2:58

Asante dada. Ni 26. Ujumbe unasema haikuweza kupata seva au instansi iliyotajwa.

Makeshia: `Server=LEJA\KUU;Database=...`
Ripoti: `Server=tcp:RIPOTI,1433;Database=...`

Ya ripoti iliandikwa na jamaa wa kandarasi aliyetuwekea. Alishaondoka.

BabuWaKebo · saa 3:09

Kijana, kunywa chai kwanza. Hilo 26 limeshakueleza karibu kila kitu, ila limesema kwa lugha yake. Na huyo wa kandarasi popote alipo apewe soda.

Ukiita instansi kwa jina lenye mkwaju katikati, kama LEJA\KUU, muunganisho huo si safari moja. Ni mbili.

Chukua ploti yoyote ya Roysambu, ghorofa saba, milango themanini. Umefika getini hujui nyumba. Unamuuliza soja, "Mama Kevo anakaa wapi?" Soja anakwambia, "D14." Hakufungulii mlango wa Mama Kevo, hapandi ngazi na wewe, wala hana habari kama Mama Kevo yuko ndani au ameenda Gikomba. Anakupa namba ya nyumba, basi. Ngazi unapanda mwenyewe.

Soja huyo ndiye huduma inayoitwa SQL Server Browser. Kibanda chake ni UDP 1434. Namba ya nyumba ni poti ya TCP ambayo instansi inasikiliza. Kompyuta ya keshia inatuma pakiti ndogo kwa 1434 kuuliza "KUU iko poti gani?", inajibiwa, ndipo inafungua TCP kwenda poti hiyo. Kosa 26 maana yake umefika getini, umepiga honi, hakuna soja aliyejibu. Kosa 40 mara nyingi ni la huko mbele zaidi.

RIPOTI haisumbuki kwa sababu mstari wake una koma na namba. Anayekuja na namba ya nyumba mkononi hapiti kwa soja. Tena ukishaandika poti, hata ukibandika jina la instansi pembeni halifuatwi.

Kwa hiyo usiguse SQL yenyewe. Ingia nodi B, fungua services.msc, niambie SQL Server Browser iko katika hali gani. Halafu kutoka kompyuta ya keshia:

`portqry -n LEJA -p udp -e 1434`

Soja akiwa kazini utaletewa orodha: jina la seva, jina la instansi, IsClustered Yes, toleo, na poti. Akiwa hayupo, kimya.

fundi_wa_zamu · saa 3:17

Mzee. Nodi B: SQL Server Browser, Disabled.
Nodi A: Running, Automatic.

Portqry imenyamaza.

Na sasa nimekumbuka. Mwezi wa pili tulikuwa na ukaguzi wa usalama, tukapewa karatasi ya huduma za kuzimwa kama hazitumiki. Siku hiyo kila kitu kilikuwa kikikimbia nodi A, kwa hiyo nodi B ilionekana haina kazi na Browser. Aliyeizima ni mimi. Sahihi yangu iko kwenye karatasi.

kijana_wa_Rongai · saa 3:20

Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. Kama Browser imezimwa nodi B, kwa nini klasta haikuonyesha nyekundu? Si kazi ya klasta ni kuangalia?

(Na nilipotafuta maana ya poti kwenye simu ikaniambia ni bandari. Nikakaa hapo nikijiuliza Kilindini imeingiaje.)

BabuWaKebo · saa 3:26

Swali zuri kuliko unavyofikiri, kijana. Klasta inalinda kile kilichosajiliwa kwake: diski, IP, jina pepe, huduma ya SQL yenyewe, SQL Agent (ya kazi za ratiba). Browser si mali ya klasta. Haihami. Ni huduma ya kawaida ya kila mashine, na inatakiwa iwe imesakinishwa na kuwashwa kwenye kila nodi kivyake. Klasta haiihesabu, kwa hiyo haina cha kuonyesha nyekundu. Ndiyo maana hitilafu ya aina hii hujificha miezi. Mnaishi nodi A raha mustarehe, siku mnahama ndipo mnagundua geti la pili halijawahi kuwa na soja.

@fundi_wa_zamu iwashe, iwe Automatic. Kuiwasha hakugusi instansi.

fundi_wa_zamu · saa 3:34

Nimewasha. Portqry sasa inajibu, naona KUU na SOMA na poti zake. Lakini makeshia bado!!! Kosa limebadilika, sasa ni TCP Provider, na ndani yake kuna 10060.

Meneja amekuja mara ya nne. Safari hii amevuta kiti.

Mama_Pakiti · saa 3:38

Kosa limebadilika, hizo ni habari njema, mwambie aliyekalia kiti. Asubuhi ulikuwa unakwama getini, sasa unakwama mlangoni.

10060 ni kimya: umebisha, muda umeisha. Ingekuwa 10061 ingekuwa umekataliwa waziwazi, yaani mashine imekujibu kwamba poti hiyo haina mtu. Kimya kwa kawaida ni fayawoli imemeza pakiti njiani bila kumwambia mtumaji. Watu wanachanganya hizi mbili wanapoteza nusu siku wakitafuta huduma iliyokufa wakati huduma ni nzima.

Kwenye nodi B fungua ERRORLOG ya KUU (faili ambamo SQL huandika matukio yake), tafuta mstari unaosema inasikiliza wapi. Kisha Test-NetConnection kwenda poti hiyo, mara moja ukiwa nodi B, mara ya pili ukiwa kompyuta ya keshia.

fundi_wa_zamu · saa 3:49

ERRORLOG:

`Server is listening on [ 10.20.5.31 <ipv4> 51877].`

10.20.5.31 ndiyo IP ya LEJA, sawa. Nodi B: `sqlcmd -S tcp:LEJA,51877 -E` imeingia. Test-NetConnection kutoka nodi B: TcpTestSucceeded True. Kutoka kwa keshia: False.

Nimempigia mtu wetu wa mtandao. Amesoma sheria za fayawoli kati ya VLAN (kipande cha mtandao) ya makeshia na ya seva: UDP 1434 ruhusa, TCP 1433 ruhusa, TCP 50214 ruhusa. 51877 hajawahi kuisikia.

50214 ni nini?

Mama_Pakiti · saa 3:53

50214 ndiyo nyumba ya zamani. Instansi yenye jina husakinishwa ikiwa na poti ya kujichagulia: inapowaka mara ya kwanza inaomba Windows poti yoyote iliyo wazi, inaiandika kwenye rejista, na kila ikiwaka tena inajaribu kurudi hapo hapo. Kwa hiyo watu huiona namba ile ile miaka miwili, wanadhani imepigwa misumari, wanaiandikia sheria ya fayawoli. Haikupigwa misumari. Ikikuta mtu amekaa hapo, inachukua nyingine bila kumwambia yeyote.

Kwenye nodi B: `netstat -ano | findstr 50214`

fundi_wa_zamu · saa 3:58

Amekaa agenti wa chelezo (programu ya kuhifadhi nakala). Namba ya mchakato (PID) ni yake.

Sina la kusema.

BabuWaKebo · saa 4:01

Mpangaji amesafiri wikendi, amerudi amekuta nyumba yake ina mtu mwingine, akaingia ya jirani. Soja anajua nyumba mpya. Fayawoli yenu bado ina namba ya zamani.

Mwambie mtu wa mtandao afungue 51877 kwenda 10.20.5.31, hiyo tu, makeshia wahudumie watu. La kudumu tutaliongea watu wakishapata pesa zao.

fundi_wa_zamu · saa 4:22

WAMEINGIA. Keshia wa kwanza ametoa risiti. Meneja amesimama, amerudisha kiti mahali pake, ameondoka. Asanteni sana.

Sasa la kudumu. Sitaki kuishi hivi.

NusuBaiti · saa 4:30

Rahisi. Fungua 49152 hadi 65535 zote kwenda kwa seva. Poti za kujichagulia zinatoka humo, hata ikihama itakuwa ndani. Umemaliza.

Mama_Pakiti · saa 4:36

NusuBaiti ndugu yangu, hapo umefungua poti elfu kumi na sita ili uokoe moja. Siku mkaguzi akiiona hiyo sheria atataka kujua imeandikwa na nani.

NusuBaiti · saa 4:38

Ni wazo tu dada, usinile.

BabuWaKebo · saa 5:15

Nimerudi, stima ilikuwa imepotea huku Kariobangi.

Maoni yangu, na nimegombana na watu juu ya hili mara nyingi: mtandao wenye fayawoli usimtegemee soja kabisa. Pigilia poti misumari, andika kwenye mstari wa muunganisho, na UDP 1434 ifungwe kutoka kwa VLAN za watumiaji.

Vijana wanauliza kwa nini watu wa mtandao wa rika langu wakisikia 1434 wanashika kichwa. Tarehe 25 Januari 2003, Jumamosi, ulitoka mnyoo unaitwa Slammer. Ulikuwa pakiti moja tu ya UDP, baiti 376, na mlango wake ulikuwa huo huo 1434. Kwa sababu ni UDP haukusubiri kujibiwa, kila seva iliyoambukizwa ilikuwa inarusha pakiti kwa anwani za kubahatisha kadiri waya wake ulivyoweza. Mwanzoni idadi ya walioambukizwa ilikuwa ikijizidisha mara mbili kila sekunde 8.5. Ndani ya kama dakika kumi ulikuwa umeshafikia sehemu kubwa sana ya mashine zilizokuwa na udhaifu huo duniani, zaidi ya 75,000. Na wala haukuandika kitu kwenye diski, ulikaa kwenye kumbukumbu tu, ukizima mashine unakufa, ukiwasha bila kiraka unaambukizwa tena kabla hujakaa.

Kiraka chenyewe kilikuwa kimetoka Julai 2002. Miezi sita kabla. Hilo ndilo lililotuuma.

Browser ya leo si ile ya wakati huo, nakubali. Lakini tabia ya kumwaga orodha ya instansi zako kwa yeyote anayeuliza getini bado anayo, ndiyo kazi yake. Kwa nini uwape watumiaji mia mbili?

Mama_Pakiti · saa 5:24

Naunga mkono mia kwa mia. Naongeza: poti utakayoipigilia isitoke kwenye zile za 49152 kwenda juu. Huko ndiko Windows inakogawia kila programu inayotoka nje, na ndiko alikotokea agenti wa chelezo. Ukipigilia 50214 umepigilia kiti cha matatu, ukishuka kidogo kuna mtu amekaa.

fundi_wa_zamu · saa 5:40

Nimeelewa. Nilikuwa nafikiria 1433 lakini RIPOTI inaitumia tayari, na zote mbili huwa nodi moja. Zitagongana, si ndiyo?

BabuWaKebo · saa 5:52

La. Hapa ndipo klasta inakulipa. Kwenye seva ya kawaida yenye IP moja zingegongana. Kwenu LEJA inasikiliza 10.20.5.31 peke yake na RIPOTI ina IP yake. Poti 1433 kwa IP hii na 1433 kwa IP ile ni milango miwili tofauti, kama D14 ya ploti hii na D14 ya ploti ya jirani. Weka zote 1433.

Na zawadi juu yake: 1433 ndiyo poti ambayo programu hujaribu isipoambiwa chochote. Kwa hiyo makeshia wataweza kuandika `Server=LEJA` tupu, bila \KUU.

Hatua zenyewe, fanya kwenye nodi ambayo LEJA iko kwa wakati huo, usifanye kwenye ile iliyolala. SQL Server Configuration Manager, itifaki za KUU, TCP/IP, kichupo cha IP Addresses, teremka hadi IPAll. Pale TCP Dynamic Ports futa kabisa kilichoandikwa. Kabisa, usiache sifuri, sifuri maana yake ni "jichagulie". Pale TCP Port andika 1433. Klasta yenyewe itapeleka badiliko hilo nodi ya pili mkihama. Halafu ili lishike, toa LEJA na kuirudisha kupitia Failover Cluster Manager. Usizime huduma kwa services.msc, klasta itadhani imekufa ianze kuihangaikia.

kijana_wa_Rongai · saa 7:10 mchana

Na kwa sisi wa PostgreSQL (hifadhidata nyingine)? Nina seva moja ya darasani, kutoka kwenye laptopu inakataa, kwenye seva yenyewe inakubali.

Mama_Pakiti · saa 7:31

Huko hakuna soja, poti ni 5432 na inatamkwa. Angalia `listen_addresses` kwenye postgresql.conf, isipoguswa ni localhost, inasikiliza ndani tu. Ukishairekebisha na kuwasha upya, kama itaanza kulalamika haina mstari kwenye pg_hba.conf basi umeshafika mlangoni, ni ruhusa imebaki. Ukikwama fungua uzi wako, huu tumwachie mwenyewe.

---

fundi_wa_zamu · Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Nimerudi na ripoti. Jana usiku nilibaki kazini, saa tatu nikabadilisha. ERRORLOG inaonyesha 10.20.5.31 na 1433. Makeshia nimewapa `Server=LEJA`, nikajaribu kompyuta sita, zote zimeingia. Nikafurahi, nikaagiza chipsi.

Chipsi hazijafika, nikajaribu kompyuta ya uhasibu. Cannot generate SSPI context.

Makeshia wanaingia kwa jina na nywila za SQL. Uhasibu wanaingia kwa akaunti zao za Windows. Ni hao tu wanaokataliwa. Watu wa uhasibu wanafika saa mbili, nina saa moja na dakika arobaini.

BabuWaKebo · saa 12:34

Mlango umeshapita, sasa ni kitambulisho. Hiyo ni Kerberos, njia ya Windows ya kuthibitisha mtu kwa tiketi.

Kompyuta ya uhasibu ikitaka kuingia kwa akaunti ya Windows inaiomba Active Directory (daftari la akaunti za kikoa, yaani mtandao wa ofisi) tiketi ya huduma inayoitwa MSSQLSvc/jina-kamili-la-LEJA:1433. Ona kwamba namba ya poti imo ndani ya jina. Umebadilisha poti, umebadilisha jina linaloulizwa. Sasa kama jina hilo lisingekuwepo kabisa, kwa kawaida Windows ingerudi kwa NTLM, njia ya zamani ya kuthibitisha, kimya kimya na usingejua lolote. Umekataliwa kwa hiyo nina hakika jina lipo, ila limesajiliwa kwa akaunti isiyo ya huduma yenu. Tiketi inafungwa kwa ufunguo wa mtu mwingine, SQL yenu haiwezi kuifungua.

`setspn -Q MSSQLSvc/LEJA*`

fundi_wa_zamu · saa 12:41

Mzee wewe ni mganga. MSSQLSvc ya LEJA yenye :1433 ipo, chini ya akaunti ya huduma ya seva ya kale. Kabla ya klasta kulikuwa na mashine moja tu na jina lake lilikuwa LEJA. Tulipohamia klasta tukarithi jina ili tusibadilishe programu. Mashine ikaenda Luthuli kuuzwa vipuri, jina likabaki kwenye kikoa.

BabuWaKebo · saa 12:45

`setspn -D` uiondoe kwa akaunti ya kale, `setspn -S` uiweke kwa akaunti inayoendesha KUU sasa. Tumia -S na si -A, maana -S inakagua kwanza kama jina lina mwenyewe. Lazima uwe na ruhusa kwenye kikoa. Kwenye kompyuta ya uhasibu piga `klist purge` ifute tiketi za zamani, ujaribu tena. Ukiingia uliza:

`select auth_scheme from sys.dm_exec_connections where session_id = @@SPID`

Inatakiwa iseme KERBEROS.

fundi_wa_zamu · saa 1:18 asubuhi

KERBEROS.

Chipsi zilifika zimepoa tangu jana, nimezila hivyo hivyo saa hii.

fundi_wa_zamu · saa 5:05

Moja imebaki. Tawi la Thika, kompyuta moja kati ya nne. Test-NetConnection LEJA 1433: True. Nimetengeneza faili la .udl (la kujaribu muunganisho) pale mezani, nikabofya Test Connection, imefaulu. Programu ya keshia yenyewe kwenye mashine hiyo hiyo: haipati seva. Zile tatu jirani zake ziko sawa. Nimeshasakinisha programu upya.

Mama_Pakiti · saa 5:12

Programu ya makeshia ni ya biti 32?

fundi_wa_zamu · saa 5:14

Ndiyo. Ya kale.

Mama_Pakiti · saa 5:19

Faili la .udl ukilibofya linafunguka kwa biti 64. Umejaribu njia ambayo programu haipiti. Fungua `C:\Windows\SysWOW64\cliconfg.exe`, nenda kichupo cha Alias (majina ya bandia yanayoelekezwa kwa anwani nyingine).

Na ndiyo, najua: System32 ndiyo yenye vya 64, SysWOW64 ndiyo yenye vya 32. Usiniulize mimi.

fundi_wa_zamu · saa 5:27

Alias: LEJA → 10.20.1.9. Hiyo ilikuwa IP ya ile mashine ya Luthuli.

Kwa hiyo miaka yote hii ilikuwa hapo ikisubiri. Programu ilipokuwa inaita LEJA\KUU haikuigusa kwa sababu jina si lile. Jana usiku nilipoandika LEJA tupu, ikapata kazi.

Nimeifuta. Thika wanne wote wameingia.

Mama_Pakiti · saa 5:31

Mimi ningeandika `tcp:LEJA,1433` wazi kama jamaa wenu wa kandarasi, mtu mwingine akisoma ajue pakiti inaenda wapi bila kubashiri. Lakini haya, imefanya kazi.

njiwa_mweusi · saa 5:40

Huyo wa kandarasi tumtafute jamani.

---

fundi_wa_zamu · Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Jana usiku nimehamisha LEJA kutoka B kwenda A, nikairudisha B, nikaipeleka A tena. Kila mara nilikuwa na kompyuta moja ya keshia na moja ya uhasibu zimefunguliwa. Muunganisho unakatika kama sekunde arobaini, programu ya keshia inalia mara moja, ukibofya tena inaingia. Poti ni 1433 pande zote mbili. Browser nimeiacha inakimbia nodi zote kwa ajili yetu wa ndani, lakini 1434 kutoka VLAN za makeshia na matawi imefungwa, na hakuna aliyelalamika.

Ile karatasi ya ukaguzi pia nimeiandika upya. Pale penye Browser nimeandika "nodi zote mbili, isizimwe," nikaweka sahihi tena.

Mama_Pakiti · saa 4:25

Kazi safi. Na 51877 umeshaifuta kwenye fayawoli? Na 50214?

fundi_wa_zamu · saa 4:26

...

fundi_wa_zamu · saa 4:51

Nimempigia mtu wa mtandao, yuko kanisani. Amesema akitoka.